Beau, bel, belle: fuata herufi l

Anayejifunza Kifaransa hukaririshwa beau, bel (kiume), belle (kike), na wingi wake beaux na belles, yote yakimaanisha "-zuri", kana kwamba yamepangwa ovyo. Yana sababu, na sababu yenyewe ni herufi moja: l.

Asili ni Kilatini bellus, yaani "-zuri", umbo la udogo la bonus, "-ema". Bonus yenyewe zamani ilikuwa duenos. Umbo hilo limechorwa kwenye chombo cha udongo kilichopatikana Roma mwaka 1880. Sauti du- mwanzoni mwa neno iligeuka b-. Kwa hiyo beau, bon ("-ema") na bien ("vema") ni wa ukoo mmoja.

Kifaransa cha kale kilisema bel, wingi bels. L ikifuatwa na konsonanti ililegea ikawa u: bels ikawa beaus. X ya leo ni kazi ya wanakili, waliofupisha -us kwa alama iliyofanana na x (beax). Baadaye u ikarudishwa, x ikaachwa palepale. Umoja nao ukavutwa na wingi, ukawa beau. Mbele ya irabu l ilisalimika, ndiyo maana tunaandika un bel arbre, "mti mzuri". Katika belle ililindwa na e, ambayo zamani ilitamkwa. Njia hiyohiyo inaeleza nouveau na nouvel ("-pya"), fou na fol ("mwendawazimu"), hata cheval na chevaux ("farasi", umoja na wingi).

Wengi hukosea hapa: bel hukaa mbele ya nomino tu. Il est beau et grand ("ni mzuri na mrefu") ni sahihi, ingawa irabu inafuata. Un bel homme ("mwanamume mzuri") ni sawa, kwa kuwa h yake haitamkwi, lakini héros ("shujaa") ina h inayozuia kuunganisha, basi ni un beau héros. Bel et bien ("kwelikweli"), na jina la mfalme Philippe le Bel aliyefariki 1314, ni mabaki ya zamani, usiyafanye kanuni.

Wasomaji wa Kongo na Burundi wanalijua beau-frère, shemeji. Uzuri wa sura haumo humo: katika Zama za Kati beau lilikuwa neno la heshima la kumwitia mtu, na likahamia kwa wakwe. Angalieni muktadha wa belle-mère, maana ni mama mkwe na pia mama wa kambo. Marâtre, neno la kale la mama wa kambo, limekuwa tusi.

Jamaa wa kweli ni beauté ("uzuri"), embellir ("kupamba"), na bello ya Kiitaliano. Rebelle ("mwasi") na belliqueux ("mpenda vita") hawamo: hayo yametoka bellum, "vita", zamani duellum, iliyopitia badiliko lilelile la du- kuwa b-.