Nusu saa baada ya mtoto kutoka

Daktari wa wanawake alipotuletea habari za mama mwenye ujauzito wa wiki 36 na valvu ya mitrali (mlango wa damu upande wa kushoto wa moyo) iliyobana, wa kupasuliwa kesho yake asubuhi ili mtoto atolewe, sisi watu wa usingizi tulitaka kujua kitu kimoja kwanza: tundu la valvu lina ukubwa gani? Eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ilisema sentimita za mraba 1.1. Valvu nzima huwa na 4 hadi 6. Alikuwa binti wa vijiji vya upande wa Bahi, mkoani Dodoma, mimba ya kwanza, na hakuna aliyewahi kumwambia ana ugonjwa wa moyo. Mafindofindo ya utotoni yasipotibiwa kwa penisilini huweza kuleta homa ya rumatiki, nayo huacha kovu kwenye valvu.

Moyo wa namna hii unataka muda wa kujaa. Mapigo yakiwa 60 kwa dakika, kila pigo ni sekunde nzima, na karibu theluthi mbili yake ni za kujaza damu. Yakipanda hadi 120 inabaki nusu sekunde, na kinachopunjwa zaidi ni huo muda wa kujaza. Damu inarundikana nyuma ya valvu na maji yanaingia mapafuni. Kwa hiyo asubuhi ile tulianza kwa kuondoa dawa kwenye trei: ketamini na efedrini kwa sababu zinakimbiza moyo, ergometrini kwa sababu inapandisha presha ya mishipa ya mapafu. Fenilefrini, inayopandisha presha bila kukimbiza moyo, ilibaki, ampuli ya miligramu 10 ndani ya salaini mililita 100, yaani mikrogramu 100 kwa kila mililita.

Sindano ya mgongo ya mara moja ingeshusha presha ghafla, tukaamua epidura, ganzi inayoingizwa mgongoni kidogo kidogo kwa mrija mwembamba (katheta). Nafasi ilipatikana sentimita 5 toka kwenye ngozi, katheta ikaachwa sentimita 4 ndani. Dozi ya kupima, ya kuhakikisha katheta haijaingia kwenye mshipa wa damu, hatukuitia adrenalini kama wengi walivyozoea, maana mikrogramu 15 tu zingemkimbiza moyo. Lidokaini ya asilimia 2 iliingia mililita 5 kwa 5, tukisubiri dakika 5 kila mara na kupima presha, mpaka ganzi ikafika usawa wa chuchu. Kazi ya taratibu, na daktari wa upasuaji anayetazama saa inabidi avumilie.

Mtoto akatoka, akalia. Oksitosini, dawa ya kukaza kizazi, tuliipitisha kwa pampu ya sindano, yuniti 10 ndani ya mililita 50, kwa saa nzima. Kuisukuma yote kwa mkupuo, kama mazoea ya thieta nyingi yalivyo, kunashusha presha na kukimbiza moyo kwa pamoja.

Kizazi kikajikunja, damu yake ikarudi kwenye mzunguko. Mapigo yakatoka 78 hadi 124. Oksijeni kwenye damu ikashuka hadi asilimia 88. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, 95 haitushtui, lakini 88 ni jambo lingine. "Anavuja damu, fungulia dripu!" mtu akasema. Ni kosa rahisi, kwa sababu anayevuja damu naye mapigo hukimbia. Tulitazama chupa ya saksheni na kupima pedi: mililita 600 hivi, kiasi cha kawaida kwa upasuaji. Presha ilikuwa imesimama. Tulipoweka stetoskopu chini ya mapafu, zilisikika sauti kama chumvi inayokaangwa: maji yameingia mapafuni.

Dripu ikafungwa. Kichwa cha meza kikapandishwa. Furosemidi ya kutoa maji kwa mkojo, miligramu 40 mshipani, labetaloli ya kupunguza mapigo, miligramu 5 kisha 5 nyingine, barakoa ikabanwa usoni kwa mikono miwili na valvu ya mashine ya kupumulia ikakazwa hadi shinikizo la sentimita 10 za maji. "Mama, vuta pumzi taratibu, usipigane na barakoa." Barakoa ikivuja pembeni shinikizo linapotea, na mgonjwa anayehangaika huivuta, ndiyo maana mtu mmoja hakufanya kingine ila kuishika. Mapigo yakarudi chini ya 90 kabla ngozi haijashonwa, na mfuko wa mkojo ukaanza kujaa.

Hakupelekwa wodi ya wazazi. Alilala ICU, kitanda kimeinuliwa, maji yanayoingia na mkojo vikiandikwa kila saa, katheta ya epidura ikabaki kwa ajili ya maumivu, kwani maumivu nayo hukimbiza moyo. Alipotoka, kadi yake ilikuwa na rufaa ya kupanuliwa valvu kwa puto, na penisilini ya benzathini yuniti milioni 1.2 msulini kila baada ya wiki 3.