Nilivyochunguza washukiwa wa tauni ya mapafu Antananarivo mwaka 2017

Tauni ya mapafu huhesabiwa kwa saa. Dawa ikichelewa kupita saa 24 tangu dalili zianze, uwezekano wa kupona hushuka sana, na asiyetibiwa kabisa karibu kila mara hufa. Maabara nayo huhesabu kwa siku, kwa sababu bakteria wa tauni, Yersinia pestis, huota polepole. Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, mwaka 2017 kazi yangu ilikuwa kuamua la kufanya na mtu anayekohoa mbele yangu kabla maabara haijasema lolote. Naeleza nilivyoifanya kwa ajili ya wenzangu wa Kongo, Uganda na Tanzania ambao huenda wakaletewa mgonjwa kama huyo. Vitabu vinaueleza ugonjwa vizuri, ila foleni haviielezi.

Mimi ni daktari wa Ituri, mashariki mwa Kongo. Kwetu, pande za Rethy, Aru na Mahagi, watu wanaijua tauni kwa mitoki, ule uvimbe wa kinenani au kwapani unaouma mpaka mtu hawezi kushusha mkono. Mwaka 2005 tauni ya mapafu ililipuka kwenye machimbo ya almasi ya Zobia, nasi sote tulijifunza kutokana nayo. Niliitwa Madagaska kwa sababu nazungumza Kifaransa na nilishawahi kutibu ugonjwa huu. Tauni si mgeni kule, iliingia mwaka 1898 kupitia bandari ya Toamasina, na kila mwaka kuanzia Septemba hadi Aprili hutokea wagonjwa vijijini kwenye nyanda za juu. Safari hii ilikuwa mjini, na haikuhitaji panya wala kiroboto, ilienea kwa kikohozi.

Mwishoni mwa Agosti mwanamume wa miaka 31 aliyekuwa wilaya ya Ankazobe alipanda taxi-brousse, basi dogo la abiria, kwenda Toamasina kupitia Antananarivo, akiwa na homa iliyofanana na malaria. Alifia njiani. Waliokuwa karibu naye wakaanza kuugua, na mlipuko haukugunduliwa hadi tarehe 11 Septemba, baada ya mwanamke mmoja kufa Antananarivo. Ilipofika Oktoba shule zilikuwa zimefungwa, mikusanyiko imepigwa marufuku, watu wamepanga foleni kwenye maduka ya dawa kutafuta barakoa na antibiotiki. Nasi tukawa tunapokea kila mwenye kikohozi, katika jiji lenye kifua kikuu kingi na lililokuwa limetoka tu kwenye miezi ya baridi.

Swali langu la kwanza halikuhusu kikohozi. Nilimwuliza mgonjwa: mara ya mwisho ulifanya kazi ukiwa mzima ni lini? Mwenye kifua kikuu huhesabu wiki au miezi, na nguo zake zimempwaya. Mwenye tauni ya mapafu anaweza kuwa alibeba mizigo sokoni juzi, jana akapatwa na homa kali, kichwa na maumivu ya kifua, leo anahema na kutema damu. Mwendo huo wa haraka ulinisaidia kuliko dalili yoyote nyingine. Nimonia ya kawaida nayo huweza kwenda mbio, kwa hiyo swali hilo peke yake halikutosha.

La pili lilikuwa: umekuwa na nani wiki hii? Tauni ya mapafu hujitokeza ndani ya siku chache tu baada ya kuambukizwa, mara nyingi kati ya 1 na 4, kwa hiyo aliyeambukiza bado yuko kwenye kumbukumbu. Muuguzi aliyekuwa akinitafsiria, mwenyeji wa jiji, alinionya mapema. "Dokotera, usimwulize nani amekufa. Mwulize nani alilala nyumbani kwao wiki hii." Nilipouliza kuhusu kifo, watu walinyamaza. Nilipouliza kuhusu waliolala nyumbani, walimtaja shangazi aliyekuja akikohoa, dereva aliyemleta, na jirani aliyemuuguza.

Halafu nilimvua kila mgonjwa shati na kumpapasa kwapani, shingoni na kinenani, hata kama alikuja na kikohozi tu. Kijana mmoja fundi wa matofali aliletwa akihema, macho mekundu. Chini ya kwapa la kushoto palikuwa na uvimbe mdogo ambao hakuutaja kwa kuwa kifua kilimuuma zaidi. Hiyo ilikuwa tauni iliyoanzia kwenye mtoki ikapanda mapafuni. Nilidunga maji kidogo ya chumvi safi ndani ya uvimbe, nikavuta, nikapima. Kipimo cha haraka kikatoa mstari mwekundu usio na shaka. Makohozi ya kijana huyohuyo hayakutoa mstari wowote.

Kipimo hicho kilibuniwa na Institut Pasteur de Madagascar na ni kazi ya kujivunia. Ni kijiti kinachotafuta protini ya ganda la bakteria, iitwayo F1, na jibu huja ndani ya dakika 15. Kwa maji ya mtoki ni hodari sana. Kwa makohozi hakiaminiki vivyo hivyo, kwani makohozi ni mazito, yamechanganyika na mate na bakteria wengine, na mara nyingi hutoka mstari hafifu ambao kila mtu anausoma kivyake. Kwa hiyo nilijiwekea utaratibu. Mstari wa wazi ulinifanya niharakishe kuwatafuta waliokaa na mgonjwa, na kijiti kitupu hakikunifanya nimnyime mtu dawa.

Makohozi yenyewe ndiyo yaliyochukua nguvu zangu nyingi. Tuliyachukua nje, kwenye uwazi wenye jua, upepo ukitoka mgongoni mwetu, wahudumu wakiwa wamevaa barakoa nzito, miwani na glavu. Mgonjwa alisukutua mdomo kwa maji, akavuta pumzi ndefu mara kadhaa, ndipo akakohoa kutoka tumboni. Muuguzi alikuwa akimwonyesha kwa mwili wake mwenyewe, maana maneno peke yake huleta mate. Kisha tuliangalia kichupa. Maji meupe yenye mapovu juu ni mate, na tulimwomba mgonjwa arudie bila kumwaibisha. Makohozi mepesi, ya majimaji na rangi ya waridi kwa damu yalinitia wasiwasi kuliko yale mazito ya rangi ya kutu. Mtoto, au mtu aliyeishiwa nguvu, hatukumlazimisha.

Tulijitahidi kuyachukua kabla ya sindano ya kwanza, lakini sindano haikusubiri makohozi. Kwenye fomu niliandika saa ya kichupa, saa ya dawa, na dawa alizokunywa mgonjwa nyumbani. Hili la mwisho lilihitaji upole, kwa sababu wengi walikuwa wameshanunua antibiotiki na waliogopa kugombezwa. Dawa hizo huweza kuwaua bakteria wasiote maabara, ingawa kipimo cha maabara cha PCR bado kinaweza kuona chembe zao za urithi. Asiyeandika habari hiyo anamwachia mtu wa maabara jibu la hapana lisilo na maana.

Jambo lililonisaidia kulala usiku lilikuwa kutenganisha maamuzi mawili. Kumpa mtu dawa ni uamuzi mmoja. Kumwandika kuwa ana tauni ni mwingine kabisa. Dawa tuliitoa kwa shaka, ilimradi shaka iwe na msingi: streptomaisini kwa sindano, au dawa nyingine kwa mjamzito na mwenye figo dhaifu. Jina tuliliandika kwa ngazi: mshukiwa, anayeelekea kuwa nayo, aliyethibitishwa.

Ngazi hizo zilikuwa na uzito nje ya wodi. Katika nyanda za juu ukoo una kaburi lake, na kwa desturi ya famadihana hulifungua baada ya miaka, wakaifunga mifupa ya wazee wao sanda mpya. Aliyekufa kwa tauni haruhusiwi kuingizwa humo. Mama mmoja aliniuliza mara mbili, kwa sauti iliyotulia, ni neno gani hasa nimeandika kwenye karatasi ya mumewe. Nilimwonyesha, nikamweleza maana ya "mshukiwa" na lini jibu litarudi. Familia zilizoelezwa hivyo ziliwaacha wagonjwa wao kwetu, na zilitutajia majina ya waliokaa nao.

Mume wake alikuwa na kifua kikuu. Kwa bahati tulikuwa tumechukua makohozi ya pili kwa ajili ya hicho kabla ya streptomaisini, ambayo hugusa magonjwa yote mawili na ingeweza kutuficha ukweli. Alihamishiwa kliniki ya kifua kikuu.

Mlipuko wa mjini ulitangazwa kuisha mwishoni mwa Novemba. Watu zaidi ya 7,000 waliokaa na wagonjwa walikuwa wamefuatiliwa, wakipewa dawa ya kinga, na ni wachache sana kati yao waliougua. Wafanyakazi wa afya 81 walipata dalili, hakuna aliyekufa. Katika hesabu iliyochapishwa baadaye, kati ya wagonjwa 1,878 walioripotiwa kuwa na tauni ya mapafu, 32 walithibitishwa na 386 waliwekwa kwenye ngazi ya kati. Wapo wanaotumia namba hizo kusema kwamba ilikuwa hofu tu. Nilikuwepo, na sikubaliani nao. Wengi kweli hawakuwa na tauni, na sijutii dawa niliyowapa. Lakini wengine walikunywa antibiotiki kabla ya kuja, na wengine vichupa vyao vilijaa mate, hivyo ndani ya wale 1,460 waliobaki washukiwa wamo ambao hatutajua kamwe walikuwa na nini. Hilo linaniuma. Huku Ituri nimeongeza mistari miwili kwenye fomu yetu, saa ya makohozi na saa ya sindano ya kwanza, na kichupa chenye mate hakitoki kituoni kabla mgonjwa hajaombwa kukohoa tena.