Mibuyu ya balkoni, wiki ya sita

Leo imefika miche 11 na yote imesimama! Niko Kayole, Nairobi, ghorofa ya tatu, balkoni inapata jua la asubuhi, na kila siku kabla niende kazini lazima nipitie niihesabu.

Mbegu nilitoa Kibwezi, Ukambani, susu (nyanya yangu) alinipea matunda matatu ya chini ya mbuyu wake, nikaloweka ule unga mweupe tukanywa juisi, zikabaki mbegu 40 safi. (Mabuyu ya kuuzwa yale mekundu sikuyagusa, yashapikwa na sukari.)

Kumi nilipanda tu hivyo hivyo na mpaka leo hakuna kitu, nimefukua moja iko kavu kama kokoto. Ganda lake halipitishi maji, hiyo ndio shida yote, huko porini ndovu hula tunda na mbegu inapitia tumboni, sasa mimi ndovu nitatoa wapi Kayole. Kumi zingine nikazimwagia maji yaliyochemka nikaziacha zipoe mpaka kesho yake, tatu zikavimba na hizo tatu ndizo zimeota. Halafu zile 20 nikaazima tupa kwa fundi wa kuchomelea hapo chini, nikasugua kila moja upande ulio mbali na kitovu, pole pole, ukiona weupe unaacha hapo hapo kwa sababu ukizidisha unaumiza kiini. Zikalala kwa maji usiku mmoja. Asubuhi 14 zilikuwa zimevimba karibu mara mbili na tisa zimeota. Kwangu tupa imeshinda, na sahii sipandi mbegu yoyote ambayo haijavimba.

Mmoja ulioza shina wiki ya tatu, nilikuwa namwagilia kila jioni, sasa nangoja mchanga wa juu ukauke kwanza. Nilipoung'oa nikaona mzizi tayari umenenepa kama karoti ndogo, kwa hivyo nimeitoa yote kwa pakiti za maziwa nikaihamishia chupa za maji za lita 5 nimekata juu na kutoboa chini.

Jirani anasema si mibuyu kwa sababu majani hayajagawanyika kama vidole. Yale ya kwanza huwa jani moja moja, vidole vinakuja baadaye.

Baridi ya Julai ndio inanipa wasiwasi, nitaiingiza ndani na nipunguze maji sana hata kama itapukutisha majani. Mvua ya Novemba ndiyo ya kutegemewa Ukambani, hapo nitaibeba kwa basi hadi kwa susu, ameshachagua mahali.