Siku moja maishani mwangu: mhesabu mapigo ya moyo wa samaki

Saa 12 asubuhi nipo maabara. Napima joto, chumvi na oksijeni ya matangi, nalisha samaki. Wa majaribio ya leo hawali, maana tumbo likisaga chakula linatumia oksijeni na kunivurugia vipimo.

Saa 2 natengeneza sumu. Gramu 1 ya mafuta ghafi kwa lita 1 ya maji ya bahari, sekunde 30 kwenye blenda, kisha yanatulia saa nzima. Ule utando mweusi wa juu, ambao kila mtu huupiga picha, nauacha. Nachota maji ya chini, nayazimua kabisa mpaka yanaonekana safi.

Saa 4, hadubini. Vifaranga vilivyoanguliwa juzi vina miili kama kioo, moyo unauona ukidunda. Narekodi sekunde 15, nahesabu, nazidisha kwa 4. Waliokaa kwenye mafuta wakiwa mayai, moyo unakwenda polepole, unaruka pigo, na maji yamejaa kuuzunguka kama lengelenge. Ukifika kifaranga cha thelathini, macho yanalia yenyewe.

Saa 6 akaja mgeni, mwandishi wa habari. Akazunguka tangi la samaki waliokaa kwenye maji ya mafuta mara mbili.

“Dada, mbona hawa wazima?”

Nikamweleza. Ndani ya mafuta kuna kemikali iitwayo fenanthreni. Inapita kwenye matamvua, inaingia kwenye damu, inafika moyoni. Kalsiamu ndiyo inayoukaza msuli wa moyo. Potasiamu ikitoka kwenye seli, msuli unalegea tayari kwa pigo lijalo. Fenanthreni inaziba njia za potasiamu na kuvuruga kalsiamu, basi mapigo yanapoteza mpangilio. Haya yameonekana kwenye seli za moyo wa jodari. Mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulipolipuka na mafuta kumwagika katika Ghuba ya Meksiko, Aprili 2010, jodari walikuwa kwenye msimu wa kutaga mayai huko huko.

Alikuwa anaangalia simu. “Kwa hiyo anakufa lini?”

Nikavuta pumzi. Nikampa glavu, nikamwambia amkimbize samaki kwa mkono mpaka achoke. Alilowa hadi kifuani (sikusikitika). Kisha tukamfungia samaki kwenye chemba ya kupimia upumuaji: pampu inazimwa, oksijeni inashuka kwa kadiri anavyoivuta. Aliyetoka maji safi, mstari kwenye skrini unaporomoka, kwa sababu anapumua kwa nguvu zote. Wa mafuta, mstari unashuka kwa uvivu. Si kwamba hahitaji hewa. Matamvua yameumia, moyo hausukumi damu ya kutosha, na uwezo wake wa kukimbia umepungua. Tangini utasema mzima. Mwindaji akimtokea, ndipo utajua.

Nikiwa katikati ya maelezo, mgeni akaegemea mpira wa maji. Kiputo kikaingia chemba. Kiputo kimoja tu kina oksijeni ya kutosha kuharibu vipimo vyote. Akaaga, ana kikao.

Nikaanza upya na samaki mwingine, maana yule wa kwanza hakimbizwi tena leo. Osha chemba, toa hewa, kimbiza, funga, subiri. Mgongo uliacha kuuma, ukafa ganzi. Chakula cha mchana nilikikumbuka taa za nje zilipowaka. Lakini mstari ulitoka safi, hauna hata kona moja ya uongo, nikaukodolea macho kama mama anayetazama ripoti ya mwanawe.

Nanawa mikono mara ya tatu, bado inanuka mafuta. Simu inatetema. Ni yule mgeni: anaomba picha ya samaki aliyekufa, kama ninayo.

Sina.