Shikamoo kwa mwizi wa maji

Juzi usiku, saa nane kasoro, maji yakaja. Anayeishi huku kwetu Mbezi anaijua sauti yake: bomba linakohoa, linatema hewa, halafu ndoo inaanza kulia. Tukaamka wote. Binti yangu alikuwa ameshika tochi huku macho yamefumba nusu. Akauliza, "Baba, kwani maji nayo yana zamu?"

Kabla sijamjibu, ng'ambo ya ukuta pampu ya jirani ikaunguruma, na maji kwenye ndoo yetu yakawa membamba kama mkia wa panya.

Nikajikuta niko Upare, mwishoni mwa 1996, nina miaka 11.

Vuli ya mwaka ule iligoma. El Niño ilikuwa bado mwaka mzima mbele, na kijijini hakuna aliyekuwa amelisikia jina hilo. Kule mlimani tulikula kwa ndiva, bwawa la udongo walilochimba mababu: linajazwa usiku, linazibuliwa asubuhi, maji yanashuka kwa mfereji shamba hadi shamba. Mwaka wa mvua hakuna anayehesabu zamu. Mwaka ule zilihesabiwa kama senti. Bibi alipangiwa Ijumaa mchana, yaani mkia wa ndiva, maji yenyewe yameshachoka. Na Ijumaa kwetu si siku ya kuchezea. Wasabato wametia mizizi Upare Kusini tangu misheni ya Giti ya 1903, na Bibi alikuwa Msabato kwelikweli: Ijumaa jua likizama, jembe chini, hata kama maji yanapita mlangoni. Ukikosa mchana ule umekosa juma zima.

Saa tisa hivi maji yakaanza kulegea. Bibi hakuinua hata kichwa. "Panda ukaangalie. Pengine kuna jani limeziba."

Nikapanda nikifuata mfereji. Jani nililikuta kweli, ila lilikuwa gogo la mgomba, limelazwa kukata mkondo na kukandikwa udongo mbichi pembeni kwa ustadi, limeachwa na mwanya wa vidole vitatu ili maji yetu yasife kabisa. Ule mwanya unanisumbua hadi leo. Mwizi mwenye roho mbaya haachi mwanya.

Alikuwa amesimama ndani ya maji, gauni limefungwa fundo juu ya magoti, jembe mkononi. Mumewe tulimzika masika ya mwaka uleule. Njiani nilikuwa nimepanga maneno makali, maneno ya mwanaume mwenye shamba. Kilichonitoka kinywani kilikuwa:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bibi hajambo?"

"Hajambo."

"Shule?"

"Nzuri."

Maji yetu yalikuwa yanapita katikati ya vidole vya miguu yake na kuingia kwenye maharage yake. Udongo mkavu ukinywa hutoa sauti, kama mzee anayefyonza chai ya moto. Tuliisikia wote wawili, na wote wawili tukajifanya hatuisikii. Akaenda kwenye kapu lake, akatoa gimbi la kuchoma, akalivunja, akanipa kipande kikubwa. Nikakaa ukingoni nikala. Lilikuwa limepoa, halina chumvi, linakaba koo, na kwa kuwa lilikuwa linakaba nikainama nikanywa kwenye mfereji. Alisubiri nimalize ndipo akasema, bila kuniangalia, "Yamebaki matuta mawili tu."

Nikasema "Asante, mama." Kwa gimbi, nadhani. Nikashuka.

"Kuna nini huko?"

"Maji madogo, Bibi. Kiangazi."

Bibi akanitazama mdomo kwa muda mrefu. "Una majivu hapo," akasema, akarudi kwenye jembe lake.

Jua lilizama vijaruba vitatu vya chini havijaonja kitu. Vikakauka.

Jumapili ilikuwa msaragambo wa kuzoa tope la ndiva, na baada ya kazi kukawa na kikao. Maji yanaibwa, wazee wakasema; mwenye malalamiko asimame. Vichwa vyote vikamgeukia Bibi. Watani wetu Wachaga husema Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na mimi siwezi kubisha, maana Bibi alishtakiana na ndugu wa mumewe miaka sita kwa mpaka wa hatua tatu, na ng'ombe kweli aliuzwa. Akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Ijumaa maji yalikuwa madogo," akasema. "Kiangazi."

Maneno yangu vilevile, hata pale nilipovuta pumzi naye alivuta. Yule mama alikuwa nyuma yake, anakwangua tope kwenye jembe lililokwisha kuwa safi.

Hatukuwahi kulizungumza. Mwaka uliofuata El Niño ikaja, ikabeba kingo za mfereji, tukawa tunayakimbia hayohayo maji. Bibi naye ameshaenda. Nimejaribu kumjibia: alimhurumia mjane, au alikuwa ananificha mimi, shahidi aliyehongwa gimbi, au, na hili ndilo hunichekesha, ujanani naye aliwahi kulaza gogo la mgomba mahali. Na mimi je? Ningependa kusema nilikuwa na huruma. Nakumbuka zaidi njaa.

Binti alikuwa amesharudi kulala, sikumjibu. Mke wangu akauliza kama asubuhi nitaipeleka kwa mjumbe habari ya ile pampu. Nilikuwa nimeshika ndoo ya pili, haijafika nusu, na nilikuwa nasikiliza ng'ambo ya ukuta. Hadi leo bado ananisubiri nimjibu.