Karibu ya kukaa, karibu ya kupita

Ni Jumatatu usiku, na lile neno la Jumanne bado limenikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nimejaribu kulishusha na matonge ya wali mkavu, halishuki.

Na si kwamba wiki ilikuwa tupu. Dada amejifungua binti, salama wote wawili alhamdulillahi, na Jumatano niliitwa kwenye usaili wa ile kazi niliyoililia humu tangu Mfungo Sita, nami nadhani nimeuharibu. Lakini ninachotaka kuandika ni habari ya kikombe cha kahawa.

Nahodha mnamjua. Mdogo wangu, miaka ishirini na minne, ana usonji (autism), anakalafati vyombo kwa mafundi wa majahazi wa Matondoni, hapa Lamu, na kurudi jioni akinuka sifa, yale mafuta ya papa, mpaka paka humfuata. Mzee wa Dele nadhani nimewahi kumtaja mara moja, ile siku ya mvua. Baraza yake iko kwenye kona ya kuingilia mtaani kwetu, nawe huwezi kwenda sokoni wala msikitini usipite mbele yake. Kila Alasiri huweka dele lake, birika la kahawa la shaba, juu ya seredani la makaa, vikombe viwili vitatu kwenye sinia, na sahani ya tende. Hauzi. Wenzake waliokuwa wakiketi naye wote wametangulia mbele ya haki, lakini vikombe hajavipunguza.

Jumanne Nahodha alikuwa mbele, mimi nyuma na kikapu cha samaki. Nimeyarudia haya kichwani mara nyingi mno, nayaweka kama yalivyokuwa.

"Karibu kahawa."

"Starehe."

"Karibu, ndoo uketi."

"Starehe, Ami."

"Wee kijana, nakwambia ndoo!"

"Starehe."

Mkono kifuani, kichwa kainamisha kidogo, akapita. Na mimi huku nyuma, wallahi, nilikuwa nikihesabu hizo starehe, jibu la kukataa kwa heshima nililomfunza mwenyewe! Moja, mbili, tatu, hakukosea hata moja. Moyo ulinijaa kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefuzu. Nilimfikia mzee nikiwa bado natabasamu.

Akanitazama, yaani akaugeuza uso upande wangu, kwa sababu macho yake siku hizi yana ukungu. Akasema polepole: "Huyu zamani nikimwambia karibu, huketi. Mtaa mzima ni yeye pekee aliyekuwa akiketi. Sasa mumemfunda, amekuwa kama sisi."

Nami nikajibu nini? Nikasema, "Inshallah, Ami."

Inshallah ya nini? Usiku ule nilikuwa kitandani naiuliza dari. Kuna majibu chungu nzima niliyoyapata baadaye, nikifua, nikipaa samaki, nikiwa mbele ya wale wasaili watatu waliokuwa wakiniuliza habari za bajeti. Ningesema "Samahani, Ami, nitamrudisha." Ningeweka kikapu chini nikaketi mimi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: hata mimi alinikaribisha siku hiyo, kabla sijaondoka, na mdomo wangu ukasema starehe bila kuniuliza.

Kwa wanaokumbuka, somo lile halikuanza bure. Mwaka jana Nahodha alipita mlango wa watu wasiomjua, upande wa Langoni, wakiwa mkekani wanakula. Wakamwambia karibu, kama anavyoambiwa kila mpita njia. Akavua viatu, akanawa, akaketi. Akala kichwa cha samaki, kile ambacho kila nyumba kina mwenyewe. Mmoja wao akamrekodi kwa simu, na mpaka Ijumaa watoto wa gatini walikuwa wakimwita "Karibu". Hakuelewa amekosa nini. Aliambiwa karibu, akakaribia.

Ndipo nilipoanza vikao vya Jumamosi juu ya paa letu, vya Nahodha na wenzake wachache wenye usonji. Sikuvitunga kichwani. Chuo kikuu cha UCLA kule California wana mafunzo yanayoitwa PEERS, yaliyoanzishwa na Elizabeth Laugeson na Fred Frankel, ya vijana wenye usonji na baadaye watu wazima pia. Ya vijana huchukua wiki kadhaa, kila kikao dakika 90, na mzazi naye hufunzwa pembeni ili awe kocha wa nyumbani. Mimi sina sifa yoyote ya hayo, ni dada mtu tu mwenye daftari. Lakini nilichokipenda kwao ni kwamba hufunza yale ambayo watu wanayafanya kweli, si yale ambayo wakubwa wanadhani vijana wayafanye. Kwa mfano, ukichokozwa, zile nasaha zetu za "nyamaza" au "nenda kasemee" hawazitaki. Wanataka jibu fupi la kutojali, kisha uondoke. Nahodha amejichagulia lake: "Haya, na iwe." Huwaambia watoto wa gatini kwa sauti ya kadhi anayetoa hukumu, nao wamechoka kumchokoza.

Kujiunga na mazungumzo pia tumefanya: sikiliza kwanza wanazungumza nini, sogea, ngoja wanyamaze kidogo, kisha ingia na jambo hilohilo lao, si la majahazi. (Hilo la majahazi tumelirudia mara nyingi.) Mengine nimeyaacha. Vitabu vingi vya kigeni vinasisitiza kumtazama mtu machoni, na hapa kwetu kijana akimkazia macho mtu mzima huulizwa kama hakulelewa. Kwa hilo Nahodha alizaliwa na adabu zake.

Na somo la karibu nililitunga mwenyewe, nikaliona ni zuri. Karibu ya watu wanaokula ni salamu. Jibu lake ni starehe. Kwisha. Wiki tano tulilifanya, mimi nikijifanya nala, yeye akipita na kurudi kati ya tangi la maji na kamba ya nguo.

Jumanne ile baada ya Magharibi nikamfuata. Nikamwambia Mzee wa Dele alikuwa akikukaribisha kweli.

"Ulisema karibu ya watu wanaokula ni salamu."

"Hakuwa akila."

"Kulikuwa na tende."

Nikanyamaza. Akauliza, "Nijue vipi kuwa ni ya kweli?"

Swali la haki kabisa. Nikaanza: sauti huwa tofauti. Tofauti vipi? Basi, akirudia. Mara ngapi? Nikaona nimekwama, nikatafuta kitu kinachoonekana kwa macho, nikapata, nikafurahi: mtu akikukaribisha kweli husogea akupe nafasi.

Nahodha akafikiri. Huchezesha vidole anapofikiri, kama anayehesabu fundo za kamba.

"Ami yuko peke yake kwenye baraza," akasema. "Asogee ende wapi?"

Sikulala vizuri.

Kuna msomi wa Uingereza, Damian Milton, naye mwenyewe ana usonji. Mwaka 2012 aliandika kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: si mwenye usonji tu asiyemsoma mwenzake, na sisi wengine hatumsomi yeye. Nilipolisoma nililipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nikawahutubia hata wazazi wa wale wengine, nikasifiwa. Halafu anatokea mzee ambaye hata gazeti haliwezi sasa, ananisomea lilelile kwenye kona ya mtaa, na mimi nasema inshallah.

Maana tazama sisi wenyewe. Tunakaribishana chakula ambacho hatutaki kigawanywe, tunajibiana starehe, tunaita ustaarabu. Na sisemi ni unafiki. Karibu ile imeficha umaskini wa nyumba nyingi. Mwenye sufuria ndogo naye hupata kuwa mkarimu, na mpita njia humlindia heshima yake kwa kukataa. Mimi naona ni jambo zuri, na bado naona Nahodha alipaswa kulijua, hasa baada ya ile simu. Ila nililifunza kama vile upande wetu ndio wenye akili na wake ndio wenye kasoro. Miaka yote ile alikuwa akiketi pale, nusu saa, akimtajia mzee majina ya vyombo vilivyoingia na vilivyotoka, na mimi kwenye daftari langu sikuwahi kuandika kwamba kijana huyu ana rafiki. Nilikuwa nikitafuta marafiki wa rika lake.

Kisha kuna kule kuchoka. Jumamosi kikao kikiisha hujifunika shuka mpaka usoni, akalala hadi Alasiri. Watu wazima wenye usonji wameandika sana juu ya jambo hili, kushinda mchana kutwa umevaa sura isiyo yako. Mama husema ni jua la juu ya paa. Nami nimekuwa nikikubali kuwa ni jua.

Basi juzi Jumamosi niliwaeleza wote wanne yaliyotokea, bila kuficha fungu langu. Yule binti wa Langoni, ambaye husema maneno matatu kwa mwezi na mengine huyaandika kwenye simu, akaandika, akanigeuzia kioo: "Si aulize?"

Nikamwambia haiulizwi.

Akaandika: "Kwa nini?"

Hapo wote wanne wakanitazama, na Nahodha pia, ambaye hatazami mtu. Nikasema kwa sababu ni aibu. Aibu ya nani? Ya aliyekaribisha. Amefanya nini hata aone aibu? Nikaseme nini tena? Nikawaambia tunywe sharubati.

Wao hawakusimama hapo. Wakabaki kulijadili swali litakavyokuwa, nami kwa mara ya kwanza nikakaa pembeni ya kikao changu mwenyewe. Hakukuwa na zile hatua za kusogea na kungoja. Mmoja alikuwa amewapa wenzake mgongo muda wote, mwingine akizungumza juu juu ya maneno ya mwenzake, binti akiandika, na walielewana kuliko mimi na wasaili wangu. Wakamaliza: karibu ya kukaa au karibu ya kupita?

Jana, Jumapili, jirani yetu wa mlango wa pili, yule mwenye sauti, alikuwa barazani na wanawe wakila. Nahodha akapita.

"Karibu, mwanangu!"

Akasimama. Mkono kifuani, hilo hakuliacha. "Shangazi, ni karibu ya kukaa au ni karibu ya kupita?"

Mimi nilikuwa dirishani, nikatamani ukuta unimeze. Kimya. Nikasikia kijiko kikiwekwa chini. Halafu yule mama akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Ya kupita, baba. Pweza wenyewe hawatutoshi." Na hapo akaangua kicheko, na wanawe nao, akacheka mpaka akawa anajifuta macho kwa ncha ya leso, akamwita tena Nahodha aliyekuwa ameshakwenda zake: "Kesho njoo, ya kukaa! Saa saba! Ya kukaa, umesikia?"

Leo saa saba kamili alikuwa mlangoni pake. Si saa saba na dakika tano. Ameketi, amekula, amerudi na bakuli la mchuzi tuliloletewa sisi. Nimefurahi, nisiseme uongo, nimekula mchuzi ule nikicheka peke yangu jikoni.

Lakini baraza ya Mzee wa Dele tangu Alhamisi haina mtu. Seredani limeingizwa ndani. Mjukuu wake anasema amepelekwa Mombasa kuangaliwa macho, na kwamba huenda wakakaa huko mpaka dawa iishe. Nahodha nimemwona mara mbili akisimama pale Alasiri, anatazama mahali pa dele, kisha anapita. Sijui kama anangoja kuuliza swali lake au anangoja kahawa. Nimeshindwa kumwuliza, na kushindwa kwenyewe kunanichekesha.

Na sasa hivi juu ya kichwa changu nasikia kwato. Akika ya mtoto wa dada ni keshokutwa, na mbuzi ameletwa mapema tangu jana kwa sababu shemeji alipata chombo cha bei nafuu kutoka Mokowe. Amefungwa paani karibu na tangi. Tangu afike hajagusa hata jani moja, maji anayanusa tu, na jioni hii ameanza kukohoa.