Nilivyoufunga Mwaka Wangu wa Masomo Scotland na Kurudi Kazini Tanga

Shahada ya uzamili ya mwaka mmoja nchini Uingereza huisha kwa namna ambayo sisi tuliosoma vyuo vya nyumbani hatukuizoea. Hakuna siku moja ambayo mtu anaweza kusema amemaliza. Vipindi vya darasani hukoma kabla ya majira ya joto, tasnifu hukabidhiwa mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, matokeo husubiri kupitishwa na baraza la mitihani, na mahafali hufanyika wakati mwanafunzi aliyetoka mbali ameshapanda ndege. Mimi ni afisa uvuvi katika mojawapo ya halmashauri za Mkoa wa Tanga. Nilikwenda mji wa Stirling, Scotland, kwa ruhusa ya masomo na kwa fedha za ufadhili, na nilitakiwa kuripoti kwa mwajiri mara tu ruhusa itakapokwisha. Maana yake ni kwamba ningeondoka bila cheti, na kila kilichohitajika ili nikipate na kukitumia nikiwa nyumbani kilipaswa kuwa tayari kabla sijaondoka. Vijana wanaojiandaa kwenda huniuliza zaidi habari za baridi. Baridi dawa yake ni koti. Kazi iko kwenye kumaliza.

Mwezi Mei nilichukua daftari nikagawa kurasa zake upande kwa upande. Kushoto niliandika mambo ambayo yasingewezekana nikishavuka bahari, na kulia yale ambayo ningeweza kuyafanya hata nikiwa nimekaa kwa mama, Chumbageni. Mgawanyo huo ndio ulionisaidia kuliko ushauri wowote niliopewa, kwa sababu ulinionyesha kwamba mambo niliyokuwa nikiyahangaikia sana, kama vile manunuzi na zawadi, yalikuwa upande wa kulia au hayakustahili kuandikwa kabisa, ilhali upande wa kushoto ulijaa vitu vidogo visivyopigiwa kelele na mtu. Kwa mfano, mwanafunzi akishamaliza, haki yake ya kusoma majarida ya kitaalamu kupitia maktaba ya chuo huisha, na anwani yake ya barua pepe ya chuo nayo hufungwa baada ya muda. Nilitumia jioni nyingi za Juni, wakati jua la huko huzama karibu saa nne usiku, nikipakua makala zilizohusu kazi yangu na kuzipanga kwa mada kwenye diski ya nje. Barua zote za ufadhili, za msimamizi na za ofisi ya usajili nilizihamishia kwenye anwani yangu binafsi.

Upande huo wa kushoto ulikuwa pia na macho yangu. Huduma ya kupimwa macho ni bure kwa wakazi wa Scotland tangu mwaka 2006, na mimi nilikuwa nimeishi mwaka mzima nikikodolea kompyuta. Nilipimwa, nikapewa kipimo cha lenzi kwa maandishi, na miwani yenyewe nikaja kuitengeneza nyumbani kwa bei ninayoimudu.

Tasnifu ndiyo iliyokula majira ya joto. Niliandika juu ya kilimo cha mwani katika vijiji vya pwani ya Mkinga, hususan juu ya kudhoofika kwa aina ya kotoni, ambayo bei yake ni nzuri kuliko spinosamu, aina nyingine ya mwani inayolimwa, lakini haivumilii maji ya kina kifupi yanapopata joto kupita nyuzi 30. Mwani huo hugeuka mweupe kwenye vikonyo, hukatika na kuchukuliwa na mawimbi, na mkulima hubaki na kamba tupu. Takwimu za joto nilikuwa nazo. Kilichopungua ni maelezo ya akina mama wenyewe kuhusu misimu waliyopoteza mazao, na hayo nilipaswa kuyapata kwa simu kutoka Stirling. Wakati wa kiangazi tofauti ya saa kati ya Uingereza na nyumbani ni saa mbili tu, kwa hiyo saa hazikuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa bahari. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, hakuna mkulima wa mwani anayepokea simu, kwani wote wako shambani wakifunga mbegu na kuvuna hadi maji yajae. Nilibandika jedwali la maji kupwa na kujaa ukutani, juu ya meza yangu ya kusomea, nikawa napiga simu siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ambapo akina mama hushinda nyumbani wakianika na kusafisha mwani. Msimamizi wangu, aliyekuwa akinitaka nimpe ratiba ya wiki kwa wiki, alipoona ratiba yangu inafuata mwezi alicheka, kisha akaniambia niieleze hiyo hiyo kwenye sura ya mbinu za utafiti. Nilifanya hivyo, na nadhani ni ukurasa bora kuliko zote katika kazi ile.

Nyumba ilihitaji umakini wa aina nyingine. Mkataba wa pango wa kisasa wa Scotland, ulioanza kutumika Desemba 2017, hauna tarehe ya mwisho. Mpangaji asipotoa notisi ya maandishi ya siku zisizopungua 28, kodi inaendelea kuhesabiwa hata kama ameshalala kwake Tanga. Nilitoa notisi mapema Agosti, nikaomba nijibiwe kwa maandishi kwamba imepokelewa. Dhamana ya pango kule haikai mfukoni mwa mwenye nyumba. Sheria inamtaka aiweke katika mfuko ulioidhinishwa ndani ya siku 30 za kazi, na wakibishana, mfuko huamua bila kumtoza mtu. Nilikuwa na picha za chumba za siku niliyoingia, pamoja na ile ya doa la zulia karibu na dirisha. Siku ya kuondoka nilisugua oveni kwa soda na siki hadi waya za ndani zikang'aa, nikafuta nyuma ya friji, nikapiga picha zilezile kwa pembe zilezile, na mwisho nikapiga picha ya mita ya umeme tarakimu zikisomeka. Wakala alipokuja kudai fedha za kusafisha zulia nilimtumia picha mbili, ya kuingia na ya kutoka, na madai yakaishia hapo. Akaunti ya benki sikuifunga kwa haraka, kwa kuwa dhamana na salio la umeme vilirudishwa nikiwa tayari nimeshaondoka.

Viza ya masomo ya miezi 12 huacha nafasi ya miezi minne baada ya kozi, na wenzangu kadhaa walibaki, wengine wakiomba viza ya wahitimu ili watafute kazi. Siwalaumu. Mimi nilikuwa na mkataba na mwajiri, na, niseme kweli, nilikuwa na hamu ya kuonana na watu ambao sauti zao nilizisikiliza kwenye simu majira yote ya joto.

Kuhusu mizigo sina mengi ya kusema. Shangazi alinitumia orodha, binamu akatuma ya kwake, nami nikawaambia wote mapema, kwa heshima, kwamba masanduku yana kilo zake na sehemu kubwa itachukuliwa na vitabu. Shangazi alinuna kwa wiki moja kisha akaomba sweta moja tu, sijui la kuvaliwa wapi katika joto la Tanga, nikamletea.

Nilisafiri kupitia Doha hadi Dar es Salaam, na kesho yake nikapanda basi la Tanga. Yaliyofuata yalikuwa yale ya ukurasa wa kulia. Niliripoti kazini nikiwa na barua ya chuo inayothibitisha kwamba nimekamilisha masomo na nasubiri matokeo, ambayo nilikuwa nimeiomba mwezi Julai kabla ofisi ya usajili haijafurika watu. Matokeo na cheti vilipofika, niliomba utambuzi wa shahada kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kwani bila utambuzi huo shahada ya nje haina nguvu kwenye jalada la mtumishi. Nyaraka nyingi nilizoombwa zilikuwa kwenye diski ile, zikiwa na majina yanayoeleweka.

Jambo la mwisho kwenye daftari lilikuwa kupeleka majibu kijijini. Niliandika muhtasari wa kurasa chache kwa Kiswahili, tukakutana chini ya mti wa mkungu karibu na vichanja vya kuanikia mwani. Nikaeleza kwamba kotoni ina nafasi nzuri zaidi ikipandwa kwenye kina kirefu, ambako maji hayachemki mchana. Bibi mmoja, ambaye kwenye simu alikuwa mchache wa maneno, akaniuliza: "Mwanangu, huko kwenye kina tutakwenda na chombo cha nani? Na sisi wengi hatujui kuogelea." Tasnifu yangu haikuwa na sura ya vyombo wala ya kuogelea. Sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati ya hizo ni ya vikundi vya wanawake. Kikundi cha yule bibi kimeshaandika katiba yake na kinakamilisha usajili, na mimi nimekaa nao tukipiga hesabu ya bei ya boti, maboya na makoti ya kuokolea maisha ili andiko liingie kwenye dirisha la maombi linalofuata.